Mafuta ya mimea na moshi wa dizeli: Somo la mbono kwa wakulima wa pamba Simiyu

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida mwezi Mei, barabara za vumbi zinazounganisha Sola, Maswa na Bariadi hujaa malori yanayokusanya pamba kutoka vyama vya msingi vya ushirika na kuipeleka katika viwanda vya kuchambua. Mengi ya malori hayo ni ya zamani, na yanapoondoka na shehena kamili hutoa moshi mweusi mzito.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba mzigo huo wenyewe unabeba mafuta yanayoweza kuendesha injini hizo hizo. Mbegu ya pamba hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo yakitengenezwa ipasavyo huungua ndani ya injini ya dizeli kwa moshi pungufu kuliko dizeli ya kawaida.

Hoja hiyo si ngeni nchini. Katikati ya miaka ya 2000 Tanzania ilikumbwa na wimbi la makampuni yaliyotafuta ardhi ili kulima mbono na miwa kwa ajili ya nishati. Miaka michache baadaye miradi mikubwa ilikuwa imeanguka, na baadhi ya vijiji vilibaki bila ardhi na bila ajira. Kilichoangusha miradi hiyo si injini kushindwa kutumia mafuta ya mimea. Ni bei ya mbegu, uzalishaji mdogo shambani na namna ardhi ilivyotwaliwa.

Makala haya yanaeleza nini kimethibitika kuhusu mafuta ya mimea na moshi wa dizeli, nini kilitokea Tanzania, na mkoa wa pamba kama Simiyu unaweza kutarajia nini.

Sola na dizeli

Sola ni kata mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mkoa huo una wilaya tano za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Jina la Sola hufahamika pia kutokana na bwawa la New Sola, maarufu kwa jina la Zanzui, ambalo mji wa Maswa umelitegemea kwa maji.

Maisha ya kiuchumi ya eneo kama hilo huendeshwa kwa dizeli. Trekta linalolima, lori linalosomba pamba, basi la kwenda Mwanza na mashine ya kusaga nafaka katika kijiji ambacho umeme haujafika, vyote hutumia nishati hiyo moja. Dizeli hiyo huagizwa kutoka nje ya nchi, hupokelewa bandarini na kusafirishwa kwa barabara mamia ya kilomita hadi Kanda ya Ziwa. Bei yake inapopanda katika soko la dunia, gharama ya kulima ekari moja na kusaga debe moja la mahindi hupanda pia.

Moshi una nini ndani yake

Moshi wa dizeli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Sehemu inayoonekana ni masizi, yaani chembechembe ndogo za kaboni zinazotokea pale mafuta yanapokosa hewa ya kutosha ili kuungua kabisa. Chembechembe hizo ni ndogo kiasi cha kuweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Sehemu isiyoonekana ina kaboni monoksaidi, haidrokaboni ambazo hazikuungua, oksaidi za nitrojeni na, kutegemea ubora wa dizeli, gesi zitokanazo na salfa.

Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulitokana na ushahidi kuhusu saratani ya mapafu kwa watu wanaofanya kazi karibu na injini za dizeli kwa miaka mingi, wakiwamo wachimbaji wa migodini.

Nchi za Afrika Mashariki zilichukua hatua moja kubwa Januari 2015, zilipoanza kutumia kiwango cha pamoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hatua hiyo ilipunguza gesi za salfa na baadhi ya chembechembe. Haikuondoa masizi, kwa sababu masizi hutokana hasa na namna mafuta yanavyoungua na hali ya injini yenyewe.

Wazo la zaidi ya miaka 100

Matumizi ya mafuta ya mimea katika injini ya dizeli yalianza karibu sawa na injini yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikisha injini yake ya kwanza ya kutegemewa mwaka 1897. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, injini ndogo iliyotengenezwa na kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga bila kubadilishwa. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na shauku na jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi na ambako kusafirisha makaa ya mawe na mafuta ya petroli kulikuwa ghali.

Hatua iliyofuata ilihusu Afrika pia. Agosti 1937, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, Charles George Chavanne, alipewa hataza nchini Ubelgiji kwa njia ya kugeuza mafuta ya mawese ya Kongo kuwa nishati nyepesi inayofaa kwa dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa nishati hiyo kati ya Brussels na Louvain. Hiyo ndiyo njia ambayo leo huzalisha kile kinachoitwa bayodizeli.

Wazo hilo lilififia kwa sababu mafuta ya petroli yalikuwa rahisi. Liliibuka tena kila bei ya petroli ilipopanda, na hali hiyo ndiyo iliyotokea pia katika miaka ya 2000.

Kwa nini mafuta ghafi huharibu injini

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kwamba mafuta ya alizeti au ya pamba yanaweza kumiminwa moja kwa moja ndani ya tangi la lori. Injini inaweza kuwaka na gari likaenda. Madhara huja baadaye.

Mafuta ghafi ya mimea ni mazito takriban mara 10 zaidi ya dizeli. Nozeli, ambayo kazi yake ni kunyunyiza mafuta kama ukungu ndani ya silinda, huyatoa kwa matone makubwa. Matone hayo hayaungui yote. Mabaki yake huganda kwenye ncha ya nozeli na juu ya pistoni, huzifanya ringi zishikamane, na mengine huteremka na kuchanganyika na oili ya injini hadi oili hiyo kuwa nzito kama ute. Fundi anapofungua injini ya namna hiyo hukuta ukoko mweusi kila mahali. Moshi uliotarajiwa kupungua huwa umeongezeka.

Zipo injini zinazovumilia zaidi. Injini za zamani za mwendo wa polepole, kama zile za aina ya Lister ambazo nyingi huagizwa kutoka India kwa ajili ya mashine za kusaga, zimewahi kuendeshwa kwa mafuta ghafi ya mbono baada ya kuyachuja vizuri na kuyapasha moto. Hata hapo utaratibu ni kuiwasha injini kwa dizeli, kuihamishia kwenye mafuta ya mimea ikishapata joto, na kuirudisha kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuizima ili kusafisha mabomba na nozeli.

Magari ya kisasa yenye mfumo wa kielektroniki unaosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa hayafai kabisa kwa mafuta ghafi. Uharibifu wa pampu na nozeli zake ni ghali kuliko akiba yoyote itakayopatikana.

Bayodizeli hutengenezwaje

Njia ya kuondoa uzito huo ni kuyabadili mafuta kikemia. Mafuta ya mimea hupashwa moto hadi nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, kisha huchanganywa na methanoli pamoja na kiasi kidogo cha soda kali. Kemikali hizo huvunja muundo mkubwa wa mafuta na kuufanya kuwa vipande vyepesi. Baada ya muda, glisirini hutuama chini na bayodizeli huelea juu. Bayodizeli hiyo huoshwa kwa maji, hukaushwa na kuchujwa kabla ya kutumika.

Kwa makadirio ya jumla, kilo 100 za mafuta na kilo 10 hivi za methanoli hutoa karibu kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za glisirini, ambayo ikisafishwa hutumika katika sabuni na bidhaa nyingine.

Maelezo hayo yanaweza kuonekana rahisi, lakini kazi hiyo si ya jikoni. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha macho au kuua, na mwali wake hauonekani vizuri mchana inapowaka. Soda kali huunguza ngozi. Mafuta yenye maji au yaliyochacha hugeuka kuwa sabuni badala ya nishati. Kwa sababu hizo uzalishaji unahitaji mahali maalumu, vifaa vya kujikinga na mtu aliyefunzwa.

Moshi hupungua kwa kiasi gani

Tathmini inayotajwa mara nyingi zaidi ni ile ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) iliyotolewa mwaka 2002. Shirika hilo lilikusanya matokeo ya vipimo vingi vya injini kubwa za dizeli na kuangalia bayodizeli ilibadili nini katika moshi.

Kwa mchanganyiko wa asilimia 20 ya bayodizeli na asilimia 80 ya dizeli, chembechembe zilipungua kwa asilimia 10 hivi, kaboni monoksaidi kwa asilimia 11 na haidrokaboni kwa asilimia 21. Bayodizeli ilipotumika peke yake, chembechembe zilipungua kwa asilimia 47, kaboni monoksaidi kwa asilimia 48 na haidrokaboni kwa asilimia 67.

Sababu ya nafuu hiyo ni kwamba bayodizeli hubeba oksijeni ndani yake, karibu asilimia 11 ya uzito wake, na oksijeni hiyo husaidia mafuta kuungua hata pale hewa inapopungua ndani ya silinda. Aidha, karibu haina salfa.

Hata hivyo, tathmini hiyo ilionyesha upande wa pili. Oksaidi za nitrojeni, ambazo huchochea magonjwa ya njia ya hewa, ziliongezeka kwa asilimia 2 katika mchanganyiko wa asilimia 20, na kwa asilimia 10 bayodizeli ilipotumika peke yake. Pia lita moja ya bayodizeli ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 hivi ikilinganishwa na dizeli, hivyo gari hutumia mafuta mengi kidogo zaidi kwa safari ile ile.

Takwimu hizo zinahusu zaidi injini za kizazi cha zamani zisizo na vichujio vya masizi, na ndizo zinazofanana na malori mengi ya mikoani. Katika magari mapya yenye vichujio hivyo, tofauti ni ndogo.

Kuhusu hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani, utafiti wa wizara za nishati na kilimo za Marekani wa mwaka 1998 ulikadiria kwamba bayodizeli ya soya katika basi la mjini hupunguza kaboni dioksaidi kwa asilimia 78, ukihesabu safari yote tangu shambani hadi kwenye injini. Sababu ni kwamba mmea huivuta gesi hiyo hewani unapokua. Lakini hesabu hiyo huharibika kabisa pale msitu unapofyekwa ili kupanda zao la mafuta, kwa kuwa miti na udongo hutoa kaboni nyingi ambayo nishati hiyo huchukua miaka mingi kuilipa.

Mbono: Ahadi na anguko

Mmea uliobeba matumaini ya Tanzania katika miaka ya 2000 ulikuwa mbono, ambao sehemu nyingi huitwa mbono kaburi kwa sababu ya desturi ya kuupanda makaburini. Mifugo haili majani yake, mbegu zake zina sumu, na kwa hiyo ulitumika tangu zamani kama ua wa mashamba. Mbegu hizo zina mafuta ya takriban theluthi moja ya uzito wake.

Ilihubiriwa kwamba mbono hustawi katika ardhi kame isiyofaa kwa chakula na kwamba hauhitaji maji wala mbolea. Kwa mikoa yenye mvua za kusuasua kama ile ya Kanda ya Ziwa, hiyo ilikuwa habari njema. Mwaka 2006 serikali iliunda kikosi kazi cha kitaifa kuhusu nishati ya mimea, na makampuni ya kigeni yakaanza kuomba ardhi.

Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, katika eneo lililohusisha vijiji 11. Kampuni ya Uholanzi ya BioShape ilipata ardhi wilayani Kilwa kwa mpango wa hekta 34,000. Kampuni ya Diligent ya Arusha ilifuata njia tofauti: haikumiliki mashamba, bali ilinunua mbegu kutoka kwa wakulima wadogo waliopanda mbono kama ua. Asasi ya TaTEDO nayo ilijaribu, katika kijiji cha Engaruka wilayani Monduli, injini moja inayotumia mafuta ya mbono kusaga nafaka na kuzalisha umeme.

Kwa muda mfupi mbono wa Afrika Mashariki ulifika mbali. Desemba 30, 2008, shirika la ndege la Air New Zealand lilifanya safari ya majaribio ya ndege aina ya Boeing 747, injini moja ikitumia mchanganyiko wenye asilimia 50 ya mafuta ya mbono. Sehemu ya mbegu hizo ilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji.

Injini ya ndege hiyo haikuonyesha tatizo. Tatizo lilikuwa shambani. Mbono huvumilia ukame kweli, lakini kuvumilia si kuzaa. Bila maji na mbolea mmea huishi na kutoa mbegu chache. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa Desemba 2009 na Endelevu Energy, Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto na shirika la Ujerumani la GTZ uliwachunguza mamia ya wakulima na kukuta mavuno duni sana. Ushauri wake ulikuwa kwamba mkulima mdogo asipande mbono kama zao la shambani, bali kama ua tu.

Tatizo la pili lilikuwa malipo. Kwa mashine ndogo ya kukamua, zinahitajika kilo 4 hadi 5 za mbegu ili kupata lita moja ya mafuta. Mafuta hayo yakitakiwa kushindana na bei ya dizeli, baada ya kutoa gharama za kukusanya, kusafirisha, kukamua na kusafisha, kinachobaki kumlipa mkulima kwa kilo ni kidogo mno. Kuvuna na kubangua mbono ni kazi ya mikono inayochukua saa nyingi, na wengi waliona heri wakalime mahindi.

Tatizo la tatu lilikuwa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inayotolewa kwa mwekezaji wa kigeni huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe. BioShape ilifilisika mwaka 2010. Sun Biofuels ilisitisha shughuli zake Kisarawe mwaka 2011 na mradi ukauzwa, huku mamia ya wafanyakazi wakipoteza ajira na wanakijiji wakilalamikia fidia na huduma walizoahidiwa. Ununuzi wa mbegu wa Diligent nao haukudumu.

Malalamiko hayo yaliifanya serikali isitishe kwa muda maombi mapya mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo wa uendelezaji wa nishati ya mimea uliosisitiza uhakika wa chakula na haki za wanavijiji. Kufikia wakati huo, wimbi lenyewe lilikuwa limeanza kurudi nyuma.

Hesabu ya pamba

Pamba ina tofauti moja kubwa na mbono. Haihitaji shamba jipya. Mbegu zake ni masalia ya zao ambalo tayari linalimwa kwa ajili ya nyuzi.

Katika tani moja ya pamba mbegu inayouzwa na mkulima, nyuzi huwa karibu theluthi moja na mbegu huwa takriban kilo 600. Mbegu hizo zina mafuta ya asilimia 15 hadi 20. Ikichukuliwa kwamba mashine ya kukamua inatoa asilimia 15, tani hiyo moja ya pamba inatoa kilo 90 za mafuta, ambazo ni karibu lita 100. Lori moja la tani 10 lingekuwa limebeba karibu lita 1,000 za mafuta ndani ya mbegu. Zikigeuzwa bayodizeli na kuchanganywa kwa asilimia 20, zingetosha kutengeneza lita 5,000 za mchanganyiko.

Hesabu hiyo inavutia, lakini ina pengo. Mafuta ya pamba huliwa. Yakisafishwa ili kuondoa gosipoli, ambayo ni sumu ya asili iliyomo katika mbegu, huuzwa kama mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha ng'ombe. Tanzania haijitoshelezi kwa mafuta ya kula, na sehemu kubwa ya pengo hilo huzibwa kwa mafuta ya mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia. Kwa miaka ya karibuni lita moja ya mafuta ya kupikia imekuwa ghali kuliko lita moja ya dizeli.

Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda hana sababu ya kibiashara ya kuyachoma ndani ya injini mafuta ambayo soko la chakula linayalipia zaidi. Hata angefanya hivyo, nchi ingelazimika kuagiza mafuta mengi zaidi ya kula. Moshi ungepungua Simiyu, huku msitu ukifyekwa mahali pengine duniani ili kupanda michikichi.

Kinachobaki kwa ajili ya injini ni yale mafuta yasiyofaa kuliwa: mabaki ya kiwanda yanayotokana na kusafisha mafuta ya pamba, mafuta yaliyoharibika ghalani, na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki katika miji kama Bariadi, Shinyanga na Mwanza. Kundi hili la mwisho lina faida ya ziada. Mafuta yanayokaangiwa tena na tena ni hatari kwa afya ya mlaji, na mwenye kibanda akipata mtu wa kuyanunua ana sababu ya kuyaondoa katika karai mapema. Kasoro yake ni kwamba hutapakaa mahali pengi kwa kiasi kidogo kidogo, na gharama ya kuyakusanya inaweza kumeza faida.

Sheria na uchakachuaji

Anayefikiria kuuza mafuta mchanganyiko anapaswa kukumbuka historia nyingine ya hivi karibuni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kulienea nchini kiasi cha kuzaa neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu, uchakachuaji. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wahusika, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo.

Kutokana na hali hiyo, mtu anayejaribu mchanganyiko katika mashine yake mwenyewe yuko katika nafasi tofauti na yule anayeuza kwa umma. Biashara ya mafuta husimamiwa na EWURA, ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na mafuta yasiyothibitishwa yanaweza kumfikisha muuzaji mahakamani hata kama nia yake ilikuwa kulinda mazingira.

Yanayowezekana

Zipo nchi zilizofanikiwa kuchanganya bayodizeli kwa kiwango cha taifa. Brazili ililazimisha asilimia 2 mwaka 2008, ikapandisha hadi asilimia 5 mwaka 2010, na imeendelea kuongeza kiwango hicho. Lakini Brazili ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa soya duniani, na ina mafuta ya ziada baada ya kulisha watu wake. Tanzania haina ziada hiyo.

Kwa mmiliki wa lori au mashine ya kusaga, hatua ya kwanza ya kupunguza moshi ni matengenezo. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochakaa, pampu iliyopimwa vibaya au mzigo uliozidi. Kutia bayodizeli katika injini ya namna hiyo hakutaiponya.

Akipata bayodizeli iliyotengenezwa vizuri, aanze na mchanganyiko usiozidi asilimia 20. Chujio la mafuta libadilishwe mapema, kwa sababu bayodizeli huzoa uchafu uliokuwa umeganda ndani ya tangi. Mabomba ya mpira katika injini za zamani yakaguliwe, kwani huweza kulainika na kuvuja. Mafuta yasiwekwe akiba kwa zaidi ya miezi sita, kwa kuwa huchacha.

Kwa mashine za kusaga, umeme huondoa moshi kijijini moja kwa moja. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, wamiliki wengi wamebadili injini ya dizeli kwa mota pale nguzo zilipofika. Kwa mizigo ya masafa marefu, reli ya kisasa ya umeme kati ya Mwanza na Isaka, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, inapita Malampaka wilayani Maswa.

Trekta la shambani na lori la kusomba pamba ndivyo vitakavyobaki na dizeli kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo mafuta ya mabaki yanaweza kuwa na nafasi, kwa kiasi kidogo na kwa msimu.

Iwapo siku moja mwekezaji atafika tena Sola na mpango wa zao la nishati, uzoefu wa Kisarawe na Kilwa unawapa wanakijiji maswali ya kumuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupiga kura. Mkulima atalipwa kiasi gani kwa kilo, na bei hiyo imepigiwa hesabu ya dizeli kuuzwa kwa kiasi gani? Mavuno yanayotajwa yamepimwa wapi, na kwa mvua kiasi gani? Mradi ukifa, ardhi itarudi kwa nani? Mwekezaji asipokuwa na majibu ya maandishi kwa maswali hayo, kijiji kina haki ya kukataa.